Kura ya Nne

Tulikuwa saba katika kamati ya kuchagua wanafunzi, na zamu yangu ilipofika kura zilikuwa tatu kwa tatu. Nalitaja hilo kwanza kwa sababu hadi leo watu wengi kanisani kwetu huamini kwamba uamuzi ule ulitoka Pretoria, kwa wakubwa wasiojulikana. Haukutoka Pretoria. Ulitoka katika chumba cha mikutano cha ghorofa ya pili, alasiri moja ya baridi mwezi wa Agosti mwaka 2017, na aliyeukamilisha ni mimi, Jeptoo, Mkenya wa Nandi, mwalimu wa anatomia.

Chuo chetu cha uuguzi ni cha serikali, hapa Johannesburg. Kila mwaka tulichukua wanafunzi mia moja. Tangu kabla sijaajiriwa, nafasi kumi na mbili kati ya hizo zilikuwa zimetengwa: sita kwa watoto wa shule duni za township, mitaa ya Waafrika pembezoni mwa jiji, na sita kwa watoto wa wakimbizi wenye karatasi halali. Hao kumi na wawili waliingia kwa pointi ishirini na nane za matric, mtihani wa kumaliza sekondari, wakati wenzao walihitaji thelathini na mbili. Wakishaingia hakuna aliyewabeba. Masomo yalikuwa yale yale, wodi zile zile, na mwishoni kila mmoja alifanya mtihani mmoja wa leseni, akapita au akaanguka.

Sagesse nilimfahamu mwaka 2015, kabla sijajua kwamba mama yake ndiye yule fundi wa nguo aliyekaa safu ya mbele yangu kanisani. Nilikuwa nimewapeleka wanafunzi wangu kliniki moja ya Hillbrow. Msichana wa miaka kumi na mitano, amevaa sare ya shule, alikuwa amesimama kando ya mama mmoja Mkongo mwenye mimba kubwa. Muuguzi aliuliza kwa Kizulu, msichana akageuza kwa Kiswahili, mama akajibu kwamba tumbo linamchoma. Mtu mwingine angelitafsiri neno hilo na kuishia hapo. Sagesse hakuishia hapo. Alimshika mama mkono akamwambia aonyeshe, inachoma wapi, tangu lini, na macho je? Kisha akamgeukia muuguzi.

"Sista, anasema inachoma, lakini anashika hapa juu, chini ya mbavu za kulia. Na anaona vinyota tangu jana."

Muuguzi alirudia kumpima presha, akaikuta imepanda mno, na dakika kumi baadaye mama yule alikuwa ndani ya gari la wagonjwa.

"Nani amekufundisha kuuliza hivyo?" nilimwuliza Sagesse kwenye korido.

"Hakuna, aunty. Mimi nakuja hapa tangu niko na miaka kumi na moja. Hawa wamama hawana mtu."

Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga. Alikuja Afrika Kusini akiwa na miaka mitatu, mgongoni kwa mama yake, kutoka Lubumbashi, na lugha zake za kweli zilikuwa Kiingereza na Kizulu. Lakini alikuwa amejifunza maneno yote ya maumivu kwa Kiswahili, kila aina, hata yale ambayo mimi mwenyewe sikuwa nayo.

Jumapili iliyofuata mama yake, Thérèse, alinifuata baada ya ibada. Kanisa letu liko katikati ya jiji, ghorofa ya tatu ya jengo la zamani lililokuwa duka la fanicha. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu, mutoto aliniambia ulimuona ku kliniki. Anataka kuwa muuguzi. Hesabu inamusumbua. Unaweza kumusaidia?"

Basi tukaanza. Kila Jumamosi nilikwenda Rosettenville, kwenye duka la ushonaji la Thérèse, na nyuma ya pazia, kati ya marobota ya vitenge, mimi na Sagesse tulifanya hesabu na fizikia. Saa saba Thérèse alituletea bukari na sombe, ugali na kisamvu cha kwao. Baba yake Sagesse, Gaston, alikuwa mlinzi wa jengo la fleti huko Hillbrow, na siku zake za mapumziko alikaa mlangoni akitusikiliza, kimya, kama mtu anayesikiliza redio. Kwao Lubumbashi alikuwa muuguzi. Miaka kumi na miwili alikuwa amehangaika na leseni ya hapa, akaambiwa alete hati kutoka shule iliyoungua katika vita, mpaka akachoka akavaa koti la ulinzi.

"Huyu ataingia kwa ile nafasi ya réfugiés," aliniambia siku moja akinisindikiza hadi kwenye robot, taa za barabarani, mahali nilipoegesha gari. "Mimi mulango wangu ulifungwa. Wa kwake uko wazi. Ni sawa."

Wakati huo nilikubaliana naye. Nilisema hata amina.

Mwaka 2017 mzazi mmoja alituandikia barua kupitia wakili. Binti yake alikuwa na pointi thelathini na moja, amekataliwa, ilhali wengine waliingia na ishirini na nane. Barua ile ilituogopesha. Mwenyekiti wetu, Bi. Mashigo, aliyekuwa muuguzi tangu enzi za ubaguzi, alitaka tupigane. "Nafasi hizi si zawadi," alisema. "Nendeni wodini mkasikie wagonjwa wanazungumza lugha gani." Wengine walisema kipimo kiwe kimoja tu kwa wote na mambo yaishe. Kisha Bi. Mashigo akanitazama. Nilikuwa mgeni peke yangu mezani. Nadhani alifikiri kura yangu ameshaipata.

Niliwaeleza juu ya Bakiri. Alikuwa Mrundi, mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili, kijana mpole aliyeingia kwa zile nafasi. Wenzake walimwita "Ishirini na Nane". Aliwahi kuniambia, "Mwalimu, mwenzangu akikosea sindano, amekosea. Mimi nikikosea, ni kwa sababu niliingizwa." Aliacha chuo mwezi wa Mei. Nilisema nafasi zile zinawachoma chapa wale wale tunaotaka kuwasaidia. Nilisema waingie kwa mlango wa kila mtu ili asiwepo wa kuwanyooshea kidole. Nilizungumza vizuri. Watu wawili waliandika maneno yangu.

Nilichowaambia juu ya Bakiri kilikuwa kweli, lakini hakikuwa sababu yangu. Sababu yangu ilikuwa ya zamani. Miaka ya tisini huko kwetu, wasichana walikubaliwa vyuo vikuu vya umma wakiwa na pointi moja chini ya wavulana. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikosa pointi moja, nikachukuliwa. Katika maabara ya mwaka wa kwanza wavulana walikuwa wakiinua kidole kimoja kila nilipopita. Kidole kimoja tu, hawasemi neno. Nilisoma mpaka nikawapita wote, nikapata shahada ya pili, nikaja huku, nikaolewa, nikazaa, na hakuna binadamu niliyewahi kumwambia habari za pointi ile, hata mume wangu Roy. Kwa hiyo mkono wangu ulipoinuka siku ile, ulikuwa ukivishusha vidole vya wavulana wa maabara. Sikumfikiria Sagesse. Au nilimfikiria, nikajiambia huyu hana haja ya kubebwa, atapata thelathini na mbili kwa jasho lake.

Nafasi zote kumi na mbili ziliondolewa, kura nne kwa tatu.

Jumamosi ile nilikwenda Rosettenville kama kawaida. Tulifanya mada ya mawimbi. Nilikula bukari. Sikusema.

Shuleni kwa kina Sagesse mwalimu wa sayansi alikuwa ameondoka tangu mwezi wa Mei, na mwingine hakuja mpaka Septemba. Nilifanya nilichoweza kwa saa tatu za wiki. Matokeo yalipotoka Januari 2018, alikuwa amepata pointi ishirini na tisa. Alinipigia simu akilia kwa furaha.

"Aunty, nimepita ile ya kwetu! Nimepita na moja juu!"

Nilikuwa jikoni. Nilikaa kwenye kiti. Nilimwambia kwamba utaratibu umebadilika, kwamba wakubwa wameondoa zile nafasi, na sasa inatakiwa thelathini na mbili. Nilisema "wakubwa". Neno lilitoka kinywani lenyewe. Alisema, "Eish, aunty," taratibu, na ikawa ni yeye aliyenituliza mimi. "Usijali. Si kosa lako."

Thérèse alikuja ofisini kwangu akiwa amevaa kitenge chake cha Pasaka. Aliniomba nimpeleke kwa mkubwa yeyote apige magoti. Nilimwambia mkubwa mwenyewe hayupo, na magoti hayasaidii, utaratibu ni utaratibu. Alinishukuru kwa muda wangu.

Mwaka mzima wa 2018 Sagesse alisuka nywele katika saluni ya Hillbrow, akisimama tangu asubuhi mpaka jioni, na usiku akisoma ili arudie fizikia. Niliongeza siku, nikamfundisha Jumatano pia. Nilimnunulia vitabu. Kila kitu nilichompa kilinipunguzia usingizi badala ya kunipa. Matokeo yaliporudi alikuwa amefika thelathini. Lakini mwaka huo waombaji walikuwa wengi kuliko wakati wote, na mstari ulipanda hadi thelathini na tatu. Alikuwa anakimbia, na mstari unakimbia mbele yake.

Hapo ndipo Gaston alipofanya uamuzi. Dada yake aliyebaki Lubumbashi angempokea Sagesse, na huko kulikuwa na shule ya wauguzi.

"Gaston, hana Kifaransa," nilimwambia. "Na akivuka kurudi Kongo, karatasi yake ya ukimbizi imekwisha. Hawatampa nyingine. Hatarudi hapa."

"Najua," alisema. "Nilisoma ile sheria kuliko wewe. Hapa nilisubiri miaka kumi na miwili, Mwalimu. Sitamuangalia naye akisubiri."

Jumamosi ya mwisho nilikwenda dukani mapema kabla Sagesse hajarudi kutoka saluni, alikokwenda kuwaaga wenzake. Thérèse alikuwa akishona gauni la bibi harusi mmoja. Nilisimama mbele ya cherehani.

"Mama Sagesse, nafasi zile hazikuondolewa na wakubwa. Tulipiga kura pale chuoni. Na mimi nilipiga kura ziondolewe."

Mguu wake ulisimama juu ya kanyagio.

"Weye?"

"Mimi. Tulikuwa sare. Yangu ndiyo iliyoamua."

"Ulikuwa unakuja hapa kila Jumamosi," alisema polepole, kama mtu anayejihesabia siku. "Ulikula bukari yangu. Na kura ulikuwa umesha kupiga?"

"Nilikuwa nimeshapiga."

"Juu ya nini?"

Nilianza na Bakiri, nikaona sura yake haibadiliki, nikaacha. Nikamweleza habari za pointi moja. Wa kwanza kumwambia duniani alikuwa yeye. Nilimweleza maabara, vidole, miaka yote ile ya kuogopa mtu asije akajua. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya kile kitambaa cheupe.

"Ile pointi, walipokupatia, ulikatala?"

"Sikukataa."

"Ulienda masomo."

"Nilienda."

"Na ilikuuma."

"Iliniuma sana, Mama Sagesse."

"Mutoto yangu naye ingemuuma," alisema. "Angekuja hapa na kulia. Ningemupangusa machozi, na asubuhi ningemuambia, vaa, uende masomo."

Hakupandisha sauti. Aliirudisha sindano mahali pake, akaendelea kushona, na mimi nikaelewa kwamba amemaliza kuzungumza nami.

Basi la Lubumbashi liliondoka Februari 2019, asubuhi, karibu na stesheni kuu. Gaston alikuja moja kwa moja kutoka zamu akiwa na koti lake la ulinzi. Thérèse alikuwa amefunga mizigo kwa kamba ya katani na alikuwa akiyakagua mafundo, moja baada ya jingine, ingawa yalikuwa imara. Nilisimama mbali, karibu na wauza mahindi, nisijue kama nina haki ya kuwepo. Sagesse aliniona, akaja.

Alikuwa amenyoa nywele. Alionekana mdogo kuliko siku ile ya kliniki.

"Mama ameniambia," alisema kwa Kiingereza, halafu akageuza kwa Kiswahili, kwa kujilazimisha, kana kwamba alitaka neno lile aniambie kwa lugha tuliyokutana nayo mara ya kwanza. "Ungeniuliza tu, aunty. Nilikuwa pale kila Jumamosi."

Nilifungua mikono, akaingia, akanikumbatia kweli kweli, wala si kwa adabu tu, na hilo ndilo lililonivunja. Nililia mbele ya abiria wote. Yeye hakulia. Alipanda, akakaa upande wa dirisha lisilotazamana nasi, na basi likaondoka. Gaston alisaluti, ile saluti ya walinzi, akabaki ameweka mkono kwenye paji la uso hata basi lilipokwisha kukata kona. Thérèse ndiye aliyeushusha mkono wake.

Habari nilizipata kwa Gaston, maana Thérèse alihamia ibada ya alasiri tusikutane. Shule ya wauguzi ilimfanyia Sagesse mtihani wa Kifaransa, ikamwambia kwanza arudi sekondari. Alirudishwa darasa la watoto wa miaka kumi na mitano, naye ana kumi na tisa. Walimwita "Sud-Af", yaani wa Afrika Kusini, na kucheka jinsi anavyotamka. Alijikaza mpaka Juni. Tangu hapo anasuka nywele barazani kwa shangazi yake, kazi ile ile aliyoiacha Hillbrow. Niliwahi kumtumia ujumbe mara nne. Wa kwanza aliujibu: "Niko sawa aunty, sharp." Tatu zilizofuata alizisoma tu.

Septemba mwaka huo niliomba ajenda irudi kwenye kamati. Bi. Mashigo alikuwa anakaribia kustaafu. Aliniuliza kama nina takwimu. Nilikuwa nazo: katika kliniki tano tunakopeleka wanafunzi, wagonjwa wasiojua Kiingereza wala Kizulu wameongezeka, na katika wanafunzi mia moja tuliochukua mwaka ule hakuna hata mmoja anayejua Kiswahili, Kilingala wala Kirundi. Lakini nilipomaliza takwimu nilibaki nimesimama. Niliwaambia kwamba miaka miwili nyuma nilizungumza vizuri sana na kwamba niliwadanganya. Kisha nikawaambia, mbele ya wote sita, niliingia chuo kikuu na pointi ngapi, na kwamba ile moja iliyopungua nilisamehewa kwa kuwa msichana. Mwenzangu mmoja aliinamia karatasi zake. Bi. Mashigo alinitazama, na machoni mwake hapakuwa na hasira wala pongezi. Palikuwa na uchovu tu.

"Mwanangu," alisema, "ungetuambia siku ile."

Zilirudishwa nafasi tatu badala ya zile kumi na mbili, kwa kura tano dhidi ya mbili. Watatu watakaoanza Februari tumeshawachagua: msichana wa Alexandra, mvulana wa Orange Farm, na binti mmoja Mkongo wa Yeoville mwenye pointi ishirini na nane kamili.

Nilikwenda Rosettenville kumwambia Thérèse. Sikutaka asikie kwa mtu mwingine. Duka lilikuwa vile vile, ila pazia la nyuma limetolewa na mahali petu pamewekwa cherehani ya pili. Alinipa kiti. Nilimweleza kila kitu, kura, nafasi tatu, binti wa Yeoville. Alisikiliza akiwa ameshika futi yake ya kupimia, akiiviringisha kidoleni na kuikunjua.

"Wanaweza kumurudisha Sagesse?"

"Hapana. Karatasi yake imefungwa tangu alipovuka mpaka. Nimeuliza kila mahali. Nimekwenda Pretoria mara mbili."

Aliitikia kwa kichwa. Akaitazama barabara, ambako watoto wa shule ya chekechea walikuwa wakivushwa, wameshikana kamba.

"Yule wa Yeoville, mama yake iko?"

"Yupo. Anauza mboga."

"Atafurahi," alisema Thérèse. "Ni muzuri. Atafurahi sana."

Aligeukia ukutani akashika mlango wa chuma, ule wa kuvuta kutoka juu, na kuniomba nimwache, maana anataka kufunga duka. Ilikuwa saa tano asubuhi.